Tilda Nyuma ya Kochi

Kila asubuhi, mkanda wa kazi ulipotunguliwa kwenye ndoano yake ukutani, Tilda aliondoka. Hakukimbia, maana mbwa aliyefunzwa vile hakimbii ndani ya nyumba. Alijiinua polepole, miguu ya nyuma ikichelewa kuifuata ya mbele, akazunguka meza, akaenda kujibanza kwenye ule uwazi mwembamba kati ya kochi na ukuta. Huko alilaza kidevu sakafuni, mwili wake mkubwa wa rangi ya chapati umebanwa huku na huku, akawa anatazama miguu ya watu.

Na kila asubuhi Euphrasia alimfuata. Alipiga magoti, sare ya kazini tayari iko mwilini, akamshika ngozi ya shingo na kumnong'oneza, "Njoo mama, usinitie aibu," akamvuta mpaka akatoka. Kisha akamsukuma taratibu kuelekea mlangoni, alikokuwa amesimama kaka yake, Dunstan, na mkanda mkononi, uso ameuelekeza dirishani ambako hakuona kitu.

"Tilda, come," Dunstan alisema. "Vipi leo, umeamka vibaya?"

"Alikuwa anakunywa maji," Euphrasia alijibu. Siku nyingine alisema alikuwa anajikuna. Siku nyingine alikaa kimya tu. Kaka yake alikuwa haoni, na kwa hilo Euphrasia alishukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru, na yote hayo yalitokea hata chai hajanywa.

Asifikiriwe vibaya. Roho mbaya hakuwa nayo. Alikuwa amechoka, basi, na uchovu ukishakaa kwa mtu muda mrefu unaanza kumchagulia maneno ya kusema.

Kabla ya Tilda, Tilda alikuwa yeye. Presha ya macho ilipompofusha Dunstan, na mkewe aliporudi Moshi kusalimia akasahau kurudi Marekani, ndugu walikaa kikao cha ukoo. Euphrasia wakati huo alikuwa Falls Church, analala sebuleni kwa rafiki na kusoma chuo. Kikao hakikumwita hata kwa simu. Kiliamua, kama vikao hivyo vinavyoamua siku zote, kwamba wa kumtunza kaka ni yule ambaye hajaolewa, na uamuzi ukamfikia ukiwa umeshakauka. Alifungasha akahamia Adelphi, kwa kaka yake. Miaka minne alimpeleka kaka yake ofisini mjini, basi halafu treni, akarudi, akaenda tena kumchukua. Chuo kikafa. Akawa anaokoteza vibarua vya kufua na kusafisha katikati ya safari mbili za siku. Mpaka leo kiwiko chake cha kulia kinajua uzito wa vidole vya Dunstan.

Halafu Dunstan akaenda kwenye shule ya mbwa wa kuongoza vipofu, akakaa huko wiki kadhaa, akarudi na Tilda. Kwenye Misa ya Kiswahili watu walisogea kando, kinamama wakakusanya vitenge vyao magotini, mmoja akauliza kwa sauti kama siku hizi na mbuzi wanaruhusiwa. Haikupita mwezi wakawa wanamwita Dada Tilda na kumuulizia yeye kabla hawajamuulizia Dunstan. Euphrasia akapata kazi ya kweli, kwenye nyumba ya wazee Hyattsville, na jioni akarudi darasani kusomea unesi. Alikuwa amebakiza mafunzo ya wodini tu. Yalikuwa yaanze Septemba, alfajiri mpaka jioni, na chuo kilikuwa kimesema bila kumung'unya maneno kwamba asiyehudhuria ataanza mwaka upya.

Sasa mbwa amezeeka. Akistaafishwa, mbwa mwingine husubiriwa mwaka, pengine na zaidi, na hakuna aliyehitaji kikao cha ukoo kujua nani atakuwa anashikwa kiwiko mwaka huo wote.

Ndiyo maana ile simu ilimtesa. Ilipigwa mwezi wa Mei, Dunstan akiwa bafuni, na Euphrasia akaipokea. Aliyepiga alikuwa mwanamke wa shule ya mbwa, ana sauti nzuri ya kutulia, anawapigia wenye mbwa kila mwaka kujua hali. Akauliza, Tilda anaendeleaje?

Euphrasia akajibu anavyojibu mtu aliyelelewa vizuri. "She's fine. We thank God."

Kwa watu wake, hilo si jibu, ni mlango. Hata ukiwa umelazwa na mpira wa dawa mkononi, mtu akikuuliza hujambo unasema sijambo. Mwenzio anavuta kiti, anauliza na nyumbani, anauliza na kazi, na hapo katikati, mkishatulia, ndipo unasema "ila". Euphrasia alikuwa na "ila" yake tayari mdomoni. Ila anajificha. Ila daktari amempa vidonge vya nyonga na bado kunyanyuka ni shida. Yule mama hakuvuta kiti. Alisema "Wonderful", akasikika akibonyeza vitufe vya kompyuta, akamtakia siku njema na kukata simu.

Euphrasia alikuwa na namba yake. Angeweza kumpigia dakika ile ile. Alisimama na simu mkononi mpaka Dunstan akatoka bafuni akiuliza nani kapiga, akasema, "Watu wa mbwa. Wanasalimia."

Kiangazi kikaingia, na kiangazi cha kule si cha kusimuliwa. Joto lilikuwa linakaa juu ya University Boulevard kama mfuniko wa sufuria. Tena barabara yenyewe ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya reli mpya. Njia ya miguu iliyokuwa kushoto Jumatatu ilikutwa kulia Alhamisi, na katikati mapipa ya rangi ya chungwa, mashimo, na mabango ya kuwaambia wenye macho wazunguke. Mtu mzima mwenye macho yake mawili alikuwa anapotea. Tilda aliyejua njia ile kwa moyo alilazimika kuisoma upya kila wiki, kwenye lami ya kuunguza.

Asubuhi moja Généreuse, Mkongo anayefanya naye kazi na kumpa lifti, alipanda ghorofani kuomba maji akamkuta Euphrasia chini, mkono nyuma ya kochi mpaka begani. Alikunywa maji, wakashuka. Kwenye gari ndipo alifungua mdomo.

"Mama Eufra, ile imbwa iko na fatigue."

"Ana uvivu tu wa asubuhi."

"Hapana. Miye nilitembeya na miguu toka Masisi mpaka Uganda. Mutu wa kuchoka namujua." Akawasha kiashiria, akaingia barabarani. "Kwetu imbwa ikichoka banaiachaka ilale."

Euphrasia alitazama nje dirishani mpaka Hyattsville. Alikasirika, na aliyemkasirikia hakuwa Généreuse.

Mwishoni mwa Julai, siku moja, kazini wakambadilishia zamu, aingie mchana. Dunstan hakuambiwa, si kwa siri, ni kwamba wote wawili walikuwa wameshazoea kuzungumza machache. Asubuhi hiyo alimtoa Tilda nyuma ya kochi kama kawaida, wakaondoka, naye akashuka baadaye kununua vitunguu. Alishangaa kidogo kukuta muda wa basi la Dunstan bado kabisa. Kumbe siku hizi alikuwa anatoka mapema sana, na yeye kwa haraka zake za asubuhi hakuwahi kuangalia saa. Alidhani ni bidii.

Aliwaona akiwa ng'ambo ya barabara.

Mbwa wa kuongoza hutangulia kidogo, na mwenye mbwa huja nyuma ameshika mpini wa mkanda. Euphrasia alikuwa ameliona hilo miaka saba, analijua kama anavyojua mwendo wa mama yake. Alichokiona sasa kilikuwa kinyume. Dunstan alikuwa mbele. Alikuwa anaburuza kiatu cha kulia kwenye ukingo wa zege, taratibu, anapapasa njia kwa soli, mkono wa kulia ameunyoosha mbele chini chini kugusa mapipa kabla hayajamgusa. Mkono wa kushoto alikuwa ameshika mpini, umelegea, na Tilda alikuja nyuma ya paja lake, kichwa chini, anatembea kwa sababu anavutwa.

Mbele ya duka la kufulia nguo kulikuwa na mti mmoja. Dunstan aliujua ulipo; pengine alisikia kivuli kwenye ngozi. Alisimama, akachuchumaa, akabandika mgongo wa kiganja kwenye njia kuona kama inaunguza. Akatoa chupa begini na bakuli la kukunjwa, akamimina maji. Tilda alikunywa, akalala. Dunstan akaketi kwenye ukuta mfupi na kungoja, shati jeupe la ofisi limeshalowa mgongoni, mkono mmoja juu ya mbavu za mbwa. Watu walipita. Mmoja alitabasamu jinsi watu wanavyotabasamu kwa mbwa wa vipofu, akaendelea.

Kisha akainuka. Hakusema "Forward" kama alivyofundishwa. Euphrasia alimsikia vizuri kutoka ng'ambo, magari yalikuwa yamesimama. Alisema, "Twende mama. Tumekaribia."

Kwenye kivuko alisikiliza magari kwa masikio yake mwenyewe, akanyanyua mkono, akaingia barabarani akimvuta mbwa nyuma yake kama anavyovutwa mbuzi asiyetaka mnada. Gari la mizigo lilikuwa linakata kona. Honi ililia, breki zikalia, Dunstan akaruka nyuma na kumkumbatia Tilda shingoni, wakabaki hivyo ukingoni, wote wawili wanahema. Dereva alisema neno akaondoka. Baada ya muda Dunstan akajaribu tena, safari hii akavuka.

Euphrasia alikuta vitunguu alivyonunua vimesambaa miguuni pake, kando ya mlango wa duka. Aliinama akaviokota.

Jioni ile alirudi amechelewa, akamkuta Dunstan mezani na Tilda amelala miguuni pake, mkanda umerudi ndoanoni. Alipasha maharage, akapakua wali, akamwelekeza sahani ilipo. Wakala kidogo.

"Kaka, leo nimewaona."

Kijiko cha Dunstan kilisimama. "Wapi?"

"Kwenye duka la kufulia. Na pale kivukoni."

"Basi umeona," alisema, na akaendelea kula, vijiko viwili vitatu, kama mtu anayemalizia kazi. Kisha akasogeza sahani. "Ule mpini unaongea, Eufra. Nikiushika najua anawaza nini, anataka kukata wapi, ameona nini. Tangu Pasaka hauniambii kitu. Nashika chuma tu."

"Tangu Pasaka. Na hukusema."

"Una clinical September. Ningesema, ungefanyaje?"

Wote wawili walijua.

"Na wewe," Dunstan alisema bila ukali, "kila siku unamtoa nyuma ya kochi, hukusema."

Euphrasia aliweka kijiko chini. "Ulikuwa unajua?"

"Mimi sioni, lakini nasikia. Kucha zake nazisikia zikikwaruza sakafu akivutwa. Hata magoti yako nayasikia yakilia ukipiga magoti. Kila siku nasema leo atamwacha huko huko, na mimi nitapata sababu ya kusema. Humwachi. Basi nachukua mkanda namvika."

"Ile simu ya Mei nilisema mzima."

"Najua. Walinitumia email ya kupongeza. Simu ikanisomea, nikaifuta."

Euphrasia aliweka viganja machoni. Aibu aliyoisikia haikuwa na pa kuiweka. Walikuwa wamehurumiana, yeye na kaka yake, kila mmoja ameuchuna kimya ili mwenzie asiumie, na huruma hiyo yote alikuwa ameibeba Tilda kwenye nyonga zake, kwenye jua, barabarani. Yeye ndiye hakuulizwa. Alikuwa amejieleza wazi kuliko wote, kila asubuhi, kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na watu wawili wazima waliompenda walikuwa wamemuelewa vizuri kabisa wakamvuta akatoka.

"Mngegongwa leo," alisema. "Mngekufa pale mbele yangu na vitunguu."

"Ndiyo."

"Sasa basi. Mimi nitakupeleka." Maneno yalitoka yenyewe, kwa mazoea, na akili ikaja nyuma ikayakuta yameshasemwa. Hakuyarudisha. "Chuo nitaongea nao. Mwaka mmoja si kitu."

"Hapana."

"Kaka..."

"Nimesema hapana, mdogo wangu. Tutakuwa tumemvua Tilda mkanda tukakuvika wewe." Alipapasa mezani mpaka akaupata mkono wake, akaushika kiganja, si kiwiko. "Fimbo ninayo. Iko nyuma ya friji."

"Mara ya mwisho na hiyo fimbo uliingia kwenye shimo ukavunjika jino."

"Limebaki la kuvunjika jingine."

Ulikuwa mzaha mbovu na hakuna aliyecheka. Chini ya meza Tilda alishusha pumzi ndefu, anavyofanya akiota.

Kesho yake Dunstan alipiga simu, kisha akampa Euphrasia kwa sababu yeye ndiye aliyejibu ile ya kwanza. Alikuwa mama yule yule, na sauti yake ile ile nzuri, akauliza Tilda anaendeleaje. Neno "fine" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Euphrasia alilimeza. Alisema kwa Kiingereza chake cha kazini, kilichonyooka, kwamba Tilda amechoka, anajificha akiuona mkanda, na wao walijua na waliendelea kumfanyisha kazi. Alingoja kusemwa. Lakini yule mama alimshukuru, akasema mbwa wengi hustaafu wakiwa wamechelewa kidogo, akaeleza yanayofuata: mbwa mpya atasubiriwa muda mrefu, mwalimu wa fimbo atakuja wiki hiyo kupitia njia na Dunstan, Tilda wanaweza kubaki naye nyumbani wakipenda. Jambo moja tu wazingatie. Dunstan asitoke kwenda kazini Tilda akimwona, maana hataelewa. Mtu mwingine amtoe kwanza kwa matembezi.

"And how about you?" aliuliza mwishoni. "Are you all right?"

"Oh, fine," Euphrasia alisema. "We thank God."

Mwalimu wa fimbo alikuja, akapita njia na Dunstan mara nyingi kati ya mapipa, mpaka akasema anatosha. Ikafika Jumatatu ya kwanza ya kwenda peke yake. Mkanda ulikuwa umeshawekwa kabatini. Euphrasia aliinuka mapema akiwa amejiandaa kumkuta Tilda nyuma ya kochi. Hakuwepo. Alikuwa ameketi mlangoni, upande wa kushoto, mahali pake, masikio yamesimama, anangoja kuvikwa. Dunstan alikuwa chumbani, fimbo magotini, hathubutu kutoka.

"Twende, mama," Euphrasia alisema. "Leo unatembea na mimi." Akamfunga kamba ya kawaida.

Nje joto lilikuwa bado halijaamka. Euphrasia alitaka wafanye haraka, zunguka majengo mara moja, rudi, kazi. Lakini kila walipofika kwenye ukingo wa njia Tilda alisimama, mguu wa mbele umegusa zege, akangoja. Ndivyo alivyofundishwa: simama, mwache mwenzako aujue ukingo kwa mguu, ngoja neno. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi imekwisha. Euphrasia alisimama naye. Kila ukingo, alisimama naye. "Pole na kazi," alimwambia kwenye mmoja, maana hakuwahi kumwambia, yeye anayewaambia hivyo hata wafagiaji wa korido asiowajua majina.

Walipotokea University Boulevard, Dunstan alikuwa ameshafika ng'ambo. Amesimama kwenye kituo cha basi na fimbo yake nyeupe, shati limenyooshwa, uso umeelekea mbali kidogo na basi litakakotokea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa vidole kiunoni, kama umeshika kitu.

Tilda alimwona. Akajinyoosha, akavuta. Alivuta kwa nguvu ambazo Euphrasia hakujua zimebaki mwilini mle, kamba ikamkata kiganja, na mwili wa Euphrasia nao ulikuwa umeshaanza kwenda, mguu mmoja uko barabarani, kiwiko cha kulia kimejitokeza chenyewe.

Hakwenda. Alirudisha mguu. Akaketi pale ukingoni na sare yake ya kazini, akamzungushia Tilda mikono kifuani na kumshikilia, akasikia moyo wa mbwa unavyopiga. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Généreuse alikuwa amefika na anangoja. Euphrasia aliiacha itetemeke.

Basi lilikuja likasimama mbele ya Dunstan, likamficha. Hawakuona kama amepanda vizuri, kama kuna aliyempisha kiti. Lilipoondoka kituo kilikuwa kitupu. Tilda alikitazama kwa muda, kisha miguu ya nyuma ikakunjika, akalala kwenye njia ya miguu na kichwa chake kizito juu ya paja la Euphrasia.

Alikuwa ameshachelewa kazini. Alikaa hapo hapo, asije akamwamsha.